Katani kwa Kibanda cha Kupozea Mboga



Wewe ulimaye nyanya katika skimu za nchi kavu, kama Hola, Bura na Perkerra, waijua shida hii. Nyanya huchumwa asubuhi, lori huja alasiri, na mwenye lori hana haraka ya kupatana bei. Ajua kwamba jua lamfanyia kazi yeye. Nyanya zilizokuwa na thamani saa mbili asubuhi, jioni huwa za kubembelezea mnunuzi.

Wakulima wengi wameshauriwa kujenga kibanda cha makaa. Mimi sikipingi. Lakini kuta zake humeza magunia mengi ya makaa, na makaa hayo ni miti iliyokatwa nyuma ya skimu yenu wenyewe. Kwa maoni yangu, tumekiruka kitu kilichosimama mpakani mwa shamba, yaani mkonge.

Kinachopoza ni maji yanapokauka. Kazi ya makaa ni kuyashika tu. Ndiyo sababu mtungi unaotoka jasho kivulini hutupa maji baridi. Lita moja ya maji ikikauka yote huchukua joto la kutosha kupoza lita 50 za maji kwa digrii 11 hivi. Basi chochote kishikacho maji na kupitisha upepo chafaa.

Paruza majani ya mkonge, uzioshe nyuzi mpaka utomvu uwashao utoke wote, kisha uzianike. Nyuzi fupi zisizofaa kusokotwa kamba ndizo za kazi hii. Zijaze kati ya kuta mbili za wavu wa waya, nafasi ya sentimita 10. Ukizishindilia sana upepo haupiti. Ukizilegeza sana maji huanguka moja kwa moja chini. Katani huoza, kwa hiyo ziangalie kila msimu na kubadili zilizooza. Kibanda kisimame kivulini, penye upepo.

Sasa maji. Hapa wanaume hukubali upesi mno, kwa kuwa mara nyingi si wao wachotao. Kuta zatakiwa kuwa mbichi mchana kutwa. Basi kibanda kiwe karibu na mfereji, au majirani wanne wajenge kimoja na kupeana zamu, wanaume wakiwamo. Maji ya chumvi hayafai, maana chumvi hubaki katika nyuzi na kuzikaza.

Vitunguu na mahindi visiingie humo kamwe. Hivyo vyataka pakavu. Maziwa nayo yataka baridi kubwa kuliko hii. Wala usiweke ndizi mbivu pamoja na sukuma wiki, kwa kuwa majani yatageuka manjano upesi.

Wenzetu wa Mpeketoni na skimu nyingine za karibu na bahari wasitarajie mengi. Wanao usumba wa makumbi ya nazi, usiooza upesi kama katani, lakini hewa yao imejaa unyevu tayari na maji hukauka polepole. Usumba huo ungefaa zaidi ukipakiwa lorini hadi Bura, na ajabu yangu ni kwamba hatusikii mtu akiifanya biashara hiyo.

Kabla ya kununua hata futi moja ya waya, jaribu kwa kreti moja. Ifunike kwa katani iliyoloweshwa, uiweke kivulini penye upepo, na kreti nyingine kando yake bila kifuniko. Zitazame zote mbili siku ya tatu.