Sombe ingojee Jumamosi, siku za kazi tupike lengalenga

Saa kumi na mbili jioni, Goma kama Bukavu, wamama wanashuka kwenye motari wakitoka kazini na swali ni lile lile: watoto watakula nini? Siku hizi nyumba nyingi zinajibu kwa mkate na chai, ao friti za kando ya barabara. Mboga? "Hakuna muda." Neno hilo nalisikia ofisini, sokoni, hata kanisani. Mimi nasema muda upo. Shida yetu ni kwamba tukitaja mboga, tunawaza sombe tu.

Mnielewe vizuri, sombe siichukii, na sijui nani katika Kivu anaichukia. Lakini majani ya muhogo yana sumu ya sianidi. Ndiyo maana wazee walituzoesha kuyatwanga vizuri na kuyachemsha sana. Hapo hakuna njia ya mkato: anayeyapika nusu saa kwa sababu makala yamekwisha, anawaweka watoto hatarini. Sombe inaomba masaa mengi ya moto. Na moto kwetu ni makala, na makala ya Goma kwa sehemu kubwa yanatoka kwenye misitu ya upande wa Virunga. Kila barabara ikifungwa tunaona bei inavyoruka, na anayenunua kidogo kidogo kila jioni ndiye anayeumia zaidi. Chakula kama hicho ni cha siku ambayo mtu yuko nyumbani.

Lengalenga ni jambo lingine kabisa. Zichambue, zioshe kwa maji safi mara mbili ao tatu, zikatekate. Kaanga kitunguu katika mafuta kidogo, tia nyanya mbili, chumvi, kisha majani. Dakika kumi, zimeiva. Ukiwa na unga wa karanga, ukoroge katika maji ya uvuguvugu, umimine, uache dakika kumi zingine kwa moto mdogo. Ukiwa na sambaza kavu, watoto hawatabakiza kitu. Matembele yanakwenda hivyo hivyo, shu pia, majani ya maboga pia baada ya kuyatoa nyuzi. Wengi tuna mbabula moja tu, kwa hiyo pika mboga kwanza, funika sufuria vizuri, halafu weka maji ya bugali. Ukimaliza kusonga, mboga bado ni za moto.

Watu wa afya watakuambia vitamini C inapotea mboga zikikaa sana motoni. Kwa hiyo ule moto mfupi wa lengalenga una faida mara mbili. Lakini uchache wa moto usitufikishe kwenye saladi mbichi iliyooshwa na maji ya ziwa. Kipindupindu tunakijua hapa, hakihitaji kuelezwa. Majani yapate moto kweli, hata kama ni wa dakika chache.

Kuna tabia mbili katika sufuria zetu ambazo zinanikasirisha. Ya kwanza ni kuchoma mafuta ya mawese mpaka yageuke meupe. Ule wekundu ndio mwili unaugeuza kuwa vitamini A, ya macho na ya kinga ya mwili. Tunalipa pesa, kisha tunauchoma wenyewe. Ya pili ni Maggi: moja, mbili, tatu katika sufuria ndogo, na chumvi juu yake. Soma karatasi yake, chumvi iko pale mwanzoni. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipite gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja kidogo, pamoja na ile iliyofichwa katika vyakula vingine. Kitunguu kilichokaangwa vizuri, nyanya iliyoiva, na pilipili kwa wakubwa, vinatosha.

Maharagi je? Goma na Bukavu ziko karibu metre 1.500 juu ya usawa wa bahari, na huko juu maji yanachemka kwenye digrii 95 hivi, si 100. Ndiyo sababu maharagi yetu ni magumu kuiva kuliko ya watu wa pwani, na si kila mara kosa la muuzaji. Yalowekwe usiku kucha, yale maji yamwagwe, yapikwe Jumapili mengi kidogo. Asiye na friji ayachemshe tena vizuri asubuhi na jioni, na ayamalize Jumatatu. Kwa Jumanne unarudi kwenye majani.

Najua kuna anayesema lengalenga ni chakula cha maskini na mgeni atacheka. Inchi hii ni yenye udongo mzuri namna hii, lakini uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2013-2014 ulionyesha kwamba watoto 43 kwa 100 wenye chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Vita, bei na magonjwa vina sehemu yao kubwa, na fungu la mboga halitamaliza vita. Lakini mtoto anayelala na mkate na chai wakati majani yanauzwa hatua chache kutoka kwenye mlango, hilo siwezi kulipakia serikali peke yake. Na chai hiyo hiyo, ikinywewa pamoja na chakula, inazuia mwili kupata madini ya chuma yaliyo katika maharagi na majani. Ingoje kama saa moja.

Linabaki neno kwa wababa. Katika nyumba nyingi mama anafika saa moja usiku na anamkuta mzee amekaa saa nzima na simu mkononi, mbabula ni baridi, anauliza tunakula nini. Kuchambua fungu mbili za lengalenga ni kazi ya robo saa, na simu inaweza kulia hapo hapo pembeni. Aliyefika wa kwanza awashe moto.