Meli ikikata kona inaripoti. Mai Mahiu ikifungwa, nani anaambiwa?

Simama Mai Mahiu usiku, pale barabara ya Narok inapoachana na ile ya Naivasha, uhesabu trela. Utachoka kabla hujamaliza. Nyingi zimetoka Mombasa na zinaelekea Malaba au Busia, halafu Kampala, Kigali, Juba au Goma. Dereva anaagiza ugali matumbo, tanboi anagonga magurudumu asikie kama kuna lililopungua upepo. Na kwenye mlango wa kontena kuna kidude kimefungwa. Wengi wetu tukipita tunadhani ni kufuli.

Ni kufuli, lakini ni kufuli mbea. Hiyo ndiyo sili ya kielektroniki. Tangu 2017, KRA na wenzao wa Uganda na Rwanda wanatumia mfumo mmoja wa kufuatilia mizigo ya transit. Lori likitoka kwenye njia iliyopangiwa, likisimama muda mrefu mahali pasipoeleweka, au mtu akiichezea sili, mtu aliyeketi mbele ya skrini Nairobi anaona. Wako na vikosi vya barabarani vya kutumwa kukagua.

Kabla tuanze kulia kwamba serikali inawafuata watu kama kivuli, tuelewe ukali huu unatoka wapi. Mzigo wa transit haujalipiwa ushuru wa Kenya. Umeruhusiwa kupita tu, na ajenti ameweka bondi, yaani ahadi kwamba usipofika mpakani, yeye atalipa ushuru wote. Sasa kuna ujanja wa miaka mingi: sukari, mchele, sigara au ethanoli inaandikwa kwamba inaenda Uganda au Sudan Kusini, halafu inashushwa usiku kwenye godauni hapa hapa nchini. Hazina inakosa pesa, na muuza duka aliyelipa ushuru wake anashindwa kushindana na bei ya mwizi. Kwa hivyo sipingi sili. Ibaki.

Ninachouliza ni kingine. Njia ikibadilika bila kosa la dereva, habari inamfikia nani, na kwa haraka gani?

Sheria ya kuripoti ni ya zamani baharini kuliko barabarani. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 inataka kapteni wa meli inayotoka nje, au ajenti wake, atoe ripoti kwa forodha saa 24 au zaidi kabla ya kufika. Aseme amebeba nini: mzigo upi unashuka hapa, upi unahamishiwa meli nyingine, upi unabaki ndani uende bandari ya mbele. Meli haitii nanga popote inapojisikia. Na kama dhoruba imeisukuma, au injini imekufa ikaishia mahali pasipo bandari, sheria haimhukumu kapteni kwa hilo. Inamtaka kitu kimoja: aripoti mara moja kwa afisa wa forodha aliye karibu, na asipokuwepo, kwa afisa wa utawala.

Tumeona hilo kwa macho yetu juzi tu. Novemba 19, 2023, Wahouthi wa Yemen waliiteka meli ya Galaxy Leader kwenye Bahari ya Shamu. Kufikia Desemba, kampuni kubwa kama Maersk, MSC na Hapag-Lloyd zilikuwa zimeanza kuondoa meli zao kwenye Mfereji wa Suez na kuzizungusha Rasi ya Tumaini Jema, kule chini Afrika Kusini. Safari kati ya Asia na Ulaya iliongezeka siku kumi hivi mpaka wiki mbili. Hapa kwetu, mzigo ulioguswa zaidi ni ule unaotoka Ulaya, kwa mfano mitumba, mashine na magari ya Uingereza. Gari la Japan linavuka Bahari Hindi, halipitii Suez. Kwa hivyo broka akikwambia Demio yako imekwama Bahari ya Shamu, shika pesa zako vizuri.

Lakini tazama kilichofanyika. Meli hazikupotea kimya kimya. Njia ikibadilika, tarehe ya kufika inabadilika, ajenti anarekebisha karatasi, bandari inapanga upya nafasi ya kufunga meli, na mwenye mzigo anapata habari hata kama ni habari mbaya. Kosa si kukata kona. Kosa ni kukata kona bila kusema.

Sasa rudi Mai Mahiu. Alfajiri ya Aprili 29, 2024, maji yaliyokuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli huko Old Kijabe yalipasuka na kufagia Kamuchiri. Zaidi ya watu 50 walikufa. Nyumba zilienda, magari yakaviringishwa, matope na magogo yakajaa barabarani. Siku kama hiyo ya kwanza ni watu, kontena baadaye, na hakuna mwenye akili anayebisha. Lakini mvua kubwa ikinyesha bonde hili, barabara itafungwa tena, na nyuma ya kila kizuizi patakuwa na foleni ya trela zenye sili.

Fikiria uko kwenye kiti cha dereva. Polisi wa trafiki anakupungia mkono: geuza, pitia juu. Ukigeuza, sili haijui kwamba polisi ndiye aliyekuelekeza. Inajua tu kwamba umetoka njiani. Usipogeuza, unazuia ambulensi. Ndipo unampigia mwenye lori, mwenye lori anampigia ajenti, ajenti anawasiliana na KRA, na kila lori kwenye foleni linaanza mzunguko huo huo peke yake. Kapteni wa meli ana ajenti, redio na ofisi nzima nyuma yake. Wewe una simu yenye asilimia 12 ya chaji.

Na anayeumia zaidi ni kijana. Dereva mpya anayelipwa kwa tripu, tanboi anayelala chini ya trela kulinda dizeli. Lori likichelewa, tripu ya mwezi inapungua. Likikutwa nje ya njia na dereva hana cha kuonyesha kwamba aliruhusiwa, hapo anakuwa chakula cha kila mwenye sare anayejua kuomba kitu kidogo.

Dawa yake haihitaji mtambo mpya. Mfumo tayari unajua kila lori liko wapi. KeNHA inapotangaza kufunga barabara, KRA itaje saa hiyo hiyo njia mbadala inayoruhusiwa kwa mizigo ya transit, na ruhusa iwe ya malori yote yaliyo eneo hilo kwa pamoja. Ujumbe uende kwenye simu ya dereva, si kwa ajenti pekee, ukiwa na nambari anayoweza kuonyesha kizuizi cha mbele. Na uandikwe kwa Kiswahili. Dereva wa Bukavu na tanboi wa Gilgil hawana lugha nyingine inayowakutanisha.

Haraka yenyewe iko mlangoni. Ujenzi wa kupanua barabara ya Rironi hadi Mau Summit, pamoja na hii yetu ya Rironi, Mai Mahiu hadi Naivasha, ulizinduliwa Novemba 2025. Kuna diversheni nyingi mbele yetu kabla lami hiyo ikauke.

Kuna na kona kubwa zaidi, ile inayokatwa ofisini. Reli ya SGR ilifika huku Oktoba 2019, na bohari ya makontena ya Naivasha, ambayo si mbali na mji wetu, ikazinduliwa Desemba mwaka huo. Katikati ya 2020, wakati wa korona, ikaamuliwa mizigo ya transit ipandishwe reli mpaka hapo ndipo malori yaichukue. Mombasa ikalia. Septemba 13, 2022, siku ya kuapishwa, Rais Ruto akatangaza shughuli za kuidhinisha mizigo zirudi bandarini. Mombasa ikashangilia.

Sisemi uamuzi upi ulikuwa sawa. Mombasa ilikuwa na haki ya kulia. Lakini kila mara mzigo ulipogeuzwa, kuna mtu alikuwa amechukua mkopo wa sacco kujenga vyumba vya kupangisha madereva, au kununua kompresa ya kujaza magurudumu, akiamini njia ni ile ile. Kapteni anayeleta meli moja analazimika kutoa habari mapema kwa maandishi. Serikali inayogeuza mizigo ya nchi nzima inatoa hotuba. Hiyo haiko sawa. Uamuzi wa namna hiyo uje na tarehe ya kuanza, miezi kadhaa ya kujipanga, na maelezo kwa kaunti zote zinazoguswa, iwe Mombasa, Nakuru au Busia.

Wakati tunasubiri hayo, wewe uliye barabarani jilinde. Kabla ya kugeuza, piga simu kwa ofisi na utume ujumbe wa maandishi pia, kwa sababu simu haiachi ushahidi. Piga picha ya kizuizi. Lori likiharibika, ripoti kituo cha polisi au kwa forodha iliyo karibu na uandike jina la afisa na saa. Sili usiiguse hata kama imelegea. Ripoti kwamba imelegea.

Sheria imemfundisha kila mbeba mzigo kwamba akibadilisha njia lazima aseme. Ni sheria nzuri. Ila mpaka sasa habari inapanda tu, kutoka kwa dereva kwenda kwa mtoza ushuru. Ni wakati ianze kushuka pia.