Gitare basi yenye makovu

Vijana wa kwaya wameniuliza namna ya kutengeneza gitare basi ya okazio iliyobanduka rangi. Jibu niko nalo, nililipata kwa haya.

Kwaya yetu ilichanga feza miezi saba. Wamama waliuza unga na mandazi, vijana walibeba matofali. Wakanituma mimi ninunue. Kwenye soko ya Kenya, hapa Lubumbashi, nikapata moja nyekundu. Shingo ilikuwa imenyooka, sauti ikatoka nzito na safi kwenye ampli ya muuzaji. Nikalipa. Siku ya mazoezi mama mmoja akaangalia pembe zake, akasema: «Baba pasta, hii ilipiganaka na imbwa?» Wakacheka wote. Lakini ndani ya kicheko nilisikia ulizo lingine: feza yetu ilienda wapi?

Kesho yake, kwa hasira, nilichukua rangi ya mafuta iliyobaki ya mlango wa kanisa nikaipaka kwa brosi. Ikafanya mafundo, vumbi ikashika ndani. Ikawa mbaya kuliko mbele.

Mkristo mmoja anayepaka magari rangi alinionea huruma. Kwanza akaniuliza: «Pasta, risiti iko?» Sikuwa nayo. Nilirudi kwa muuzaji, akaniandikia, nikaipeleka kwa mtunza feza wa kwaya pamoja na feza kidogo iliyobaki. Kisha tukakaa kutengeneza.

Basi ya umeme inasikia nyuzi kwa sumaku zilizo chini yao, kwa hiyo kovu ndogo haigeuzi sauti. Hata Leo Fender wa Marekani, aliyetoa basi yake ya Precision mwaka wa 1951, baadaye alitumia rangi za magari kwa gitare zake. Shida ya kovu ni kwamba mbao iliyo wazi inakunywa jasho na unyevu, na rangi ya kando inaendelea kubanduka. Lakini kama ni ufa unaoingia katika mbao, zaidi pale shingo inapoungana na mwili, peleka kwa fundi. Kupaka rangi juu ya ufa na kuuza ni wizi tu.

Toa nyuzi, pangusa uchafu, ondoa vipande vilivyolegea. Tafuta verni ya kucha yenye rangi inayofanana. Wadada wanajua kuchagua kutupita. Ijaribu kwanza pahali pasipoonekana, kwani gitare zingine za zamani rangi yao inayeyuka ikiguswa na verni. Weka tone kwa ncha ya kijiti, nyembamba, ndani ya kovu tu. Ngoja ikauke, ongeza tena. Hapo vijana wanashindwa: wanataka kumaliza jioni moja. Sisi tulitumia siku tano. Mwishoni weka verni isiyo na rangi mpaka ipite kidogo usawa wa pembeni, uache siku mbili ikauke vizuri.

Halafu papye vere yenye maji: namba 600 kidogo sana, kisha 1000, kisha 2000, juu ya kovu peke yake. Maji yasiingie kwenye matundu ya visi wala kwenye waya. Malizia na dawa ya meno nyeupe kwa kitambaa laini, mpaka ing'ae.

Fungua dirisha, na mbabula iwe mbali, maana mvuke wa verni unawaka moto. Rangi ya zamani sana inaweza kuwa na risasi ndani: usiisugue ikiwa kavu, watoto wasikaribie, nawa mikono mbele ya kula.

Ile rangi ya mlango ilitusumbua kuliko makovu yote; tuliikwangua pole pole kwa wembe. Makovu mawili ya mgongoni tuliyafunika na verni isiyo na rangi tu. Kijana anayeipiga alikataa tuyafiche. Anasema wakiiba gitare, ataijua kwa hayo.