Kichekesho ni Mali, na Mali Huandikiwa

Ndugu msomaji, kijana wako akikueleza kwamba anataka kuishi kwa kutunga na kutengeneza filamu za vichekesho, usikimbilie kumkemea. Mwulize kwanza: kazi hiyo utaiuza kwa mkataba gani?

Swali hilo si la dhihaka. Marehemu Mzee Amri Athumani wa Tanga, maarufu kwa jina la King Majuto, aliwachekesha Watanzania kwa miongo mingi, jukwaani na katika filamu. Alipokuwa mgonjwa mwaka 2018, suala la mikataba yake lilifika serikalini, na Waziri wa Habari wa wakati huo, Dkt. Harrison Mwakyembe, akaunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. Mzee Majuto alifariki dunia Agosti 8 mwaka huohuo, katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili.

Kwa miaka mingi, filamu nyingi nchini ziliuzwa kwa wasambazaji kwa malipo ya mara moja. Sisi wa Singida twaweza kulipima jambo hili kwa mizani yetu. Mkulima auzapo gunia la alizeti, shamba hubaki lake, na msimu ujao atavuna tena. Mtunzi anayeuza haki zake zote kwa mkupuo ameuza gunia pamoja na shamba.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humlinda mtunzi maisha yake yote, na miaka 50 baada ya kifo chake. Maana yake ni kwamba mswada wa kichekesho ni sehemu ya mirathi: wajane na watoto wana haki ndani yake. Lakini sheria hailindi wazo tupu lililosimuliwa kibarazani. Basi kijana na aandike hadithi yake yote, aweke tarehe, na aisajili COSOTA kabla ya kumwonesha mnunuzi.

Mkataba nao useme wazi: haki ipi inauzwa, kwa muda gani, kwa televisheni au mtandaoni, na mtunzi atapata fungu gani kila kazi inapouzwa tena. Usomwe mbele ya mashahidi, na nakala ibaki nyumbani.

Hili si geni kwetu. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqarah, yahusu kuandikiana deni na kuweka mashahidi. Tunaoisoma misikitini tuifikishe pia mahali watoto wetu wanapotia saini.