Kifuniko cha Taa na Leso ya Marehemu Mama



Mama zangu na dada zangu, taa ya mezani iliyo ukumbini mwangu ilikuwa na kifuniko cheupe ambacho, kwa vumbi na miaka, kiligeuka rangi ya chai. Binti yangu aliona dukani kifuniko kipya chenye nakshi ya majani na maua, akakipenda mno. Nilipouliza bei, nilikuta ni sawa na matumizi yetu ya sokoni ya juma zima. Nilimwambia, "Mwanangu, uzuri huu tunao kabatini."

Nakshi ya mimea si ngeni kwetu. Milango ya kale ya Lamu imechongwa maua na majani; bibi harusi huchorwa hina ya mashina yanayopanda hadi kwenye vifundo vya mikono; na leso zetu zimejaa korosho na maua. Dini nayo imetupa nafasi hapa. Ibn Abbas, Mwenyezi Mungu amridhie, alipojiwa na mtu aliyekuwa akipata riziki kwa kutengeneza picha, alimwelekeza kwenye miti na visivyo na roho. Basi mwenye kupamba nyumba yake kwa jani na ua hana la kuhofia.

Kabatini mlikuwa na leso ya marehemu mama yangu, yenye mji wa maua mekundu na majani ya kijani. Mwenziwe ulikwisha chakaa zamani. Nilishika mkasi, kisha nikauweka chini. Alichoacha maiti ni mirathi, hata kikiwa leso moja, nasi watoto wake tuko watatu. Nilimpigia simu kaka yangu, akaridhia papo hapo. Dada yangu alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Kata, lakini jina usilikate. Mama aliichagua leso ile kwa sababu ya lile jina." Kwa kweli mimi nilikuwa nimetazama maua tu.

Kazi yenyewe ni nyepesi. Kifuniko changu ni cha mviringo, juu na chini sawa, upana wake sentimita 30 na kimo chake sentimita 20. Mzunguko wake ni kama sentimita 94. Nilikata kitambaa cha sentimita 97 kwa 24, ili zipatikane 3 za kupandanisha kwenye mshono na 2 za kukunja juu na chini. Nilikikata sehemu ya juu ya mji, mbali na jina. Kama kifuniko chako ni chembamba juu na kipana chini, usikisie: kilaze juu ya karatasi, kibiringishe taratibu huku ukifuata kingo zake kwa penseli, na hapo utapata umbo lake.

Fua leso na uipige pasi kwanza. Pakaa gundi nyeupe kwa brashi, nyembamba sana, kwani ikizidi huacha madoa yanayoonekana taa ikiwashwa. Anzia palipo na mshono wa zamani, ulaze kitambaa kidogo kidogo huku ukikinyoosha kwa kiganja. Kunja kingo kwa ndani, uzibane kwa vibanio vya nguo, uache usiku kucha.

Kuna mambo mawili ya kuzingatia. Ikiwa zulia na mapazia yako tayari yana maua, chagua majani ya rangi moja, au acha kifuniko kiwe kitupu. Macho nayo huhitaji pa kupumzikia. La pili ni usalama. Globu za zamani za wati 60 hutoa joto kali lenye kuunguza kitambaa. Tia globu ya LED ya wati 9, ambayo mwanga wake unakaribiana na ile, na joto lake ni dogo mno. Hata hivyo kitambaa kisiiguse globu. Na tunapolala tuizime, kwani Mtume, rehema na amani zimshukie, alituusia kuzima taa wakati wa kulala.

Kipande chenye jina nilikipinda kingo na kumpelekea dada yangu. Ameniambia amekiweka pamoja na msala wake. Kwangu, taa ikiwashwa baada ya Magharibi, maua yale mekundu hung'aa, na wajukuu huuliza leso ile ilikuwa ya nani. Hapo huwasimulia habari za bibi yao mkubwa, nasi humwombea dua.

Kabla ya kwenda dukani, fungueni makabati yenu. Na kabla ya kukata, ulizeni wenye haki.

Tukutane juma lijalo, inshallah. Wassalaam.