Viatu vya ngozi vishonwe, visibandikwe tu

Mhariri,

Naomba nafasi nitoe dukuduku langu kuhusu viatu vya ngozi vya kiume vinavyouzwa hapa Moshi kwa jina la "ngozi halisi". Nilinunua jozi nyeusi katika duka moja mjini. Masika yalipoanza, soli ilibanduka kwa mbele, kisigino kikalegea, na ndani nikaona kadibodi iliyolowa. Muuzaji akanijibu kuwa mali ikishauzwa hairudishwi.

Fundi viatu wa Mbuyuni aliikunja ile ngozi kwa kidole, tabaka la juu likapasuka. Kumbe ni ngozi iliyosagwa, ikagandishwa kwa gundi na kupakwa rangi. Uzi ukivutwa, inachanika. Soli nayo haikuachiwa ukingo wa kushonea, hivyo kila matengenezo ni gundi juu ya gundi.

Mji wetu una kiwanda cha bidhaa za ngozi cha Karanga, kilichozinduliwa Oktoba 2020 kwa ubia wa Jeshi la Magereza na mfuko wa hifadhi ya jamii wa PSSSF. Naviomba viwanda vyetu, kikiwemo hicho, viwauzie mafundi wa mitaani soli na visigino vya akiba, na viandike kwenye boksi kama kiatu kimeshonwa au kimebandikwa. Shirika la Viwango (TBS) nalo lipite madukani likague hiyo "ngozi halisi". Nasi wanunuzi tudai risiti, tukunje kiatu na kukagua mshono kabla ya kutoa pesa.

Msomaji wako,
Majengo, Moshi