Daraja na uzito wake

Huko Mombasa, mwaka 2020, walijenga daraja ya miguu inayoelea juu ya maji, kutoka Liwatoni mpaka ngambo ya Likoni. Sehemu yake moja ilikuwa inafunguka: meli ikija, watu walingoja, meli iliingia bandarini Kilindini, kisha daraja ilifungwa. Waliochora ile daraja walijua mapema nani atapita, na kwa ukubwa gani.

Kwetu Masisi na Walikale meli hazipo. Kuna kamio. Daraja ya mbao inayofaa kwa pikipiki na mama mwenye kitunga cha mihogo inapandwa na kamio ya tani makumi mawili. Ikivunjika tunalaumu mvula. Mvula gani! Maharagwe yanaoza njiani, mgonjwa analala ngambo, sababu hakuna aliyepima.

Dawa inajulikana. Daraja ya Bailey, ya tangu vita ya pili ya dunia, ni vipande vya chuma vya metre 3. Kimoja kina kilo kama 260, watu sita wanakibeba bila mashine. Inafunguliwa, inahamishwa, inafungwa kwingine. Lakini hata yenyewe ina kikomo: maji yakila kuta inapokalia, ao boloti zikiibiwa, chuma itaanguka kama mbao.

Tunaomba leta iweke kibao cha tani kwenye kila daraja, kuanzia zile za Lowa, mbele ya mvula za Septemba. Na kwenye bariyeri, ambako leo feza tu ndizo zinahesabiwa, mzigo upimwe.